Kufufua Gari la Zamani la Turubai Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu walioonyeshwa gari dogo la zamani lililoegeshwa nyuma ya nyumba Upanga, Kinondoni au Msasani, wakaambiwa "toa bei yako ulichukue". Majibu yanahusu ukaguzi wa kabla ya kutoa hela. Kazi ya kulifufua lenyewe inaguswa pale tu inapobadilisha uamuzi wa kununua.

## Mambo ya mwanzo

1. Tunazungumzia magari gani hasa?

Magari madogo ya spoti, ya viti viwili, yenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya siti. Wanaouliza huwa wameonyeshwa moja ya makundi mawili. La kwanza ni ya Kiingereza: MGB iliyotengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, au Triumph Spitfire ya miaka hiyohiyo. La pili ni ya Kijapani, hasa Mazda iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kuanzia 1989, na nchi nyingine ikaitwa MX-5. Makundi yote mawili yanapatikana kwa usukani wa kulia.

Mara mojamoja hutokea Mercedes-Benz SL ya kati ya 1971 na 1989. Ni gari zuri kupita kiasi, lakini kwa mradi wa kwanza silishauri. Kila kitu chake ni kikubwa, kizito na cha gharama, na kutu yake hujificha kwenye ukuta ulio chini ya kioo cha mbele, mahali ambapo hufiki bila kufumua nusu ya gari.

2. Kwa nini lisikaguliwe kama Corolla ya zamani?

Kwa sababu paa la bati la Corolla ni sehemu ya mifupa yake. Gari la turubai halina mfupa huo. Mzigo wote wa kulizuia lisipinde katikati unabebwa na sakafu pamoja na boksi mbili za chuma zinazopita chini ya milango. MGB na Eunos hazina chesisi ya kujitegemea, bodi ndiyo chesisi. Spitfire ina fremu, ila ni ya uti wa kati isiyo na mihimili ya pembeni, kwa hiyo boksi za chini ya milango zinafanya kazi ileile.

Mnunuzi wa Dar amezoea kufungua boneti kwanza, asikilize injini, aangalie moshi. Kwa gari hili geuza utaratibu: anza chini, malizia boneti. Injini mbovu inatolewa, inafanyiwa ovahoo, inarudi. Bodi iliyooza katikati haina pa kupelekwa.

3. Ninunue bovu la bei rahisi au zima la bei ghali?

Zima. Anayekuuzia bovu kwa bei ya kutupa amekuachia sehemu ghali zaidi ya safari: kuchomelea, kunyoosha, rangi, mipira ya milango, turubai, siti. Hela anayokupunguzia huisha kabla hujafika kwenye praima.

Bovu linafaa kwa mtu mwenye mambo mawili kwa pamoja, yaani fundi bodi anayemwamini na mahali pa kulilaza gari chini ya paa kwa muda mrefu bila kudaiwa kodi. Ukikosa kimojawapo, subiri gari jingine.

4. Ni kweli hewa ya Dar inakula magari haraka?

Ni kweli. Gari lililolala Kigamboni, Kunduchi au Msasani limekuwa likipigwa na chumvi ya bahari mchana na usiku. Lililoishi Dodoma au Iringa mara nyingi lina chuma kizuri zaidi, ila jua limeshamaliza mipira, dashibodi na turubai. Kwa mradi, chagua la bara. Mpira unanunuliwa.

Uliza pia lilifunikwa na nini. Gari lililovikwa nailoni na kufungwa kamba limekuwa kwenye jasho lake lenyewe: unyevu wa masika unaingia, hauna pa kutokea. Lililokaa wazi kwenye kibanda cha bati huwa zima kuliko lililofunikwa hivyo, hata kama kwa macho linaonekana chakavu.

## Kukagua bodi

5. Niende na nini, na nianzie wapi?

Nenda asubuhi, gari likiwa kavu. Chukua tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi, bisibisi, jeki, boksi la kulalia na mtu wa pili. Usikague gari lililotoka kuoshwa, maji huficha mawimbi ya bodi na kasoro za rangi.

Anza kwa kusimama mbali. Litazame kwa ubavu, macho yawe usawa wa mlango. Uwazi kati ya mlango na ubavu wa nyuma uwe sawa juu hadi chini. Ukiwa mwembamba juu na mpana chini, gari limeanza kupinda katikati, na hapo swali linalofuata ndilo lenye jibu lako.

6. Nitajuaje kama boksi za chini ya milango zimeoza?

Hiki ndicho kipimo kikuu, nacho hakihitaji fundi. Funga milango yote. Weka jeki upande mmoja, karibu na gurudumu la nyuma, mahali penye chuma kigumu. Inua hadi gurudumu liache ardhi, kisha fungua mlango wa upande huo na uufunge tena, polepole. Kwenye bodi nzima mlango unafunguka na kufunga kama kawaida. Kwenye bodi iliyooza utausikia unakwaruza, unakwama kwenye kitasa, au ukishafunguka haukubali kurudi. Rudia upande wa pili. Jeki ikianza kuzama ndani ya bati badala ya kuinua gari, umeshapata jibu. Na kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Baada ya hapo inua zulia miguuni na ubonyeze kwa bisibisi pale sakafu inapokutana na boksi. Chuma kizima kinatoa mlio mkali. Kilichooza kinatoa mlio wa kufa, na bisibisi inazama. Tumia nguvu ya kiasi, na mwombe mwenye gari ruhusa kabla hujamtobolea.

Kwa MGB kuna jambo la ziada. Boksi yake si bati moja. Ndani mna kiungo kingine kilichojificha kati ya bati la nje na la ndani, na hicho ndicho kinachobeba mzigo. Ujanja uliozoeleka ni kuchomelea bati jipya la nje juu ya lililooza, likapigwa rangi, likang'aa. Pitisha vidole chini, kwenye ukingo wa bati. Ukikuta tabaka moja zaidi ya linavyotakiwa, au mshono mnene usiofanana na ule wa upande wa pili, hesabu kwamba ndani hakuna kitu.

7. Muuzaji amelipiga rangi mpya. Si ndiyo vizuri?

Rangi mpya kwenye gari la kuuza imepigwa kwa ajili ya macho yako. Afadhali gari lenye rangi iliyopauka ya miaka mingi, kwa sababu linaonyesha kila kitu.

Pitisha sumaku chini ya milango, kuzunguka matao ya magurudumu na kwenye pembe za chini za ubavu. Inapoacha kushika pana pati. Pati nyembamba ya kusawazisha si kosa, kila gari la zamani linayo. Pati nene, ile ya kujaza tundu na kuchongwa umbo kwa msasa, ni bodi ya kuchora. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati linalia, pati inanyamaza. Muulize muuzaji kama ana picha za kazi ilivyofanyika kabla ya rangi. Aliyefanya kazi ya haki kwa kawaida anazo kwenye simu, na anafurahi kuzionyesha.

8. Kutu ipi inatengenezeka na ipi nikimbie?

Kutu kwenye sakafu, pembe za chini za milango na matao ya magurudumu inatengenezeka. Bati linakatwa, jipya linachomelewa. Ni kazi, ila inajulikana mwanzo na mwisho.

Kutu kwenye boksi za chini ya milango inatengenezeka pia, kwa masharti: fundi aelewe kwamba kabla ya kukata lazima achomelee vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango, milango ikae mahali pake, na atengeneze upande mmoja hadi uishe ndipo aanze wa pili. Akikata zote mbili gari likiwa juu ya mawe, bodi inalala, na milango haitafunga tena vizuri maisha yake yote.

Kimbia ukikuta kutu pale springi za nyuma zinapofungwa, pale nguzo ya mlango inapokutana na sakafu, na kwenye boksi, vyote vitatu kwenye gari moja. Kwa MGB peke yake kuna mlango wa kutokea: British Motor Heritage ya Uingereza inatengeneza bodi mpya nzima ya gari hilo tangu 1988. Weka bei yake, meli na ushuru kwenye karatasi, halafu uamue.

9. Eunos Roadster nayo inaoza? Si gari la juzi?

Zile za kwanza ni za 1989, si za juzi tena. Kutu yake ina chanzo kimoja kikuu kinachojulikana duniani kote. Maji yanayoanguka juu ya turubai hukusanywa kwenye mfereji nyuma ya siti, yakashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, hadi chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Gari likiegeshwa chini ya mwarobaini, vijani vile vidogo huingia na kuziba mirija. Maji yanafurika, yanashuka ndani ya boksi za chini ya milango, yanakaa humo hadi yaitoboe, kutokea ndani kwenda nje.

Kipimo ni chupa ya maji. Mimina taratibu nyuma ya siti kila upande, mwenzako achungulie chini. Maji yatoke upesi, yakiwa na uchafu kidogo tu. Yasipotoka, au yakitoka zuliani, bonyeza kwa kidole gumba sehemu ya nyuma ya boksi, mbele tu ya gurudumu. Malengelenge ya rangi mahali hapo ni dalili ya bati lililokwisha.

Fungua na buti pia. Betri ya gari hili inakaa humo, na ya kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kupeleka mvuke nje. Waliobadilisha wakaweka betri ya kawaida ya maji, mvuke wa asidi umekula sakafu ya buti. Inua zulia uone.

## Injini, umeme na joto la Dar

10. Injini haizunguki kabisa. Niachane nalo?

Siyo lazima. Injini iliyokaa miaka mingi hushika kwa sababu ringi za pistoni zimegandana na silinda. Usikubali mtu alivute kwa gari jingine likiwa kwenye gia ili "ikubali", ndivyo ringi zinavyovunjika. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kila silinda, acha ilowe kwa siku kadhaa, halafu jaribu kuizungusha kwa spana kwenye puli ya mbele. Nyingi hulegea.

Kwa upande wa bei, ihesabu kuwa injini ya ovahoo kamili hata ikilegea. Muuzaji akisema "ni betri tu", mwambie alete betri.

11. Inawaka. Nipime nini?

Pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Toa plagi zote, weka geji yake kwenye tundu la plagi, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata, soma kila silinda. Muhimu kuliko namba yenyewe ni silinda zifanane. Tofauti inayozidi asilimia 10 hadi 15 ina maelezo yake. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda dhaifu upime tena. Kompresheni ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo ni valvu au hedi gasketi.

Kwa MGB angalia geji ya oili baada ya injini kupata moto, ukiwa mwendo wa kawaida: inatakiwa isome kati ya psi 50 na 80. Kwa Eunos za mwanzo za injini ya cc 1,600, zile za 1989 hadi 1991, tazama puli kubwa ya chini injini ikiwaka. Ikiyumba, mbele ya krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, pameshaanza kulika. Huo ni udhaifu unaofahamika wa toleo hilo, na dawa yake ni kubwa.

12. Petroli ya siku hizi itaharibu injini ya zamani?

Injini za Kiingereza za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa inakinga viti vya valvu za ekzosti visilike. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipofika 2006 ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo gari lililotembea Dar baada ya hapo limekunywa isiyo na risasi.

Si sababu ya kulikataa. Muulize fundi kama uwazi wa valvu umekuwa ukipungua kila baada ya muda mfupi. Kama hedi itafunguliwa kwa kazi nyingine, weka viti vya chuma kigumu hapohapo, na jambo hilo likaishe. Eunos halina tatizo hili.

13. Litachemka kwenye foleni?

Likiwa zima, halichemki. Lakini MGB nyingi zina feni inayozungushwa na injini, na kwenye foleni ya Ubungo injini inazunguka polepole, feni nayo vilevile. Rejeta iliyojaa kutu ya miaka ya kutumia maji ya bomba peke yake haitavumilia. Fungua kifuniko injini ikiwa baridi: maji yenye rangi ya chai ya rangi yanaonyesha rejeta ya kufumuliwa na kusafishwa. Mafundi wa rejeta tunao wazuri, na feni ya umeme inafungwa bila kukata chochote. Joto lisikuzuie kununua, lipangie bajeti tu.

14. Kwa nini fundi umeme alisema waya "zimegeuzwa"?

Kuna uwezekano hazijageuzwa. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya 1967 au hapo karibu, MGB ikiwemo, yalitoka kiwandani ncha ya chanya ya betri ikiwa ndiyo imefungwa kwenye bodi. Fundi aliyezoea Toyota akiona hivyo anadhani ni kosa, anageuza betri, na redio au alteneta aliyofunga mtu baadaye inaungua palepale. Kabla mtu hajagusa betri, angalia waya mnene unaokwenda kwenye bodi umetoka ncha gani, na kama gari lina dainamo au alteneta. Kama limeshabadilishwa kuwa hasi kwenye bodi, kuwe na alama inayosema hivyo. Isipokuwepo, bandika wewe.

Ukikuta waya nyuma ya dashibodi zimeungwa kwa nailoni na gundi, za rangi moja zote, hesabu seti mpya nzima ya waya. Magari haya yanaungua.

15. Nitoe injini yake niweke ya Toyota? Spea zake si ziko Kariakoo?

Kama injini yake ipo na bloku ni zima, usifanye hivyo. Ukibadilisha injini unabadilisha giaboksi, ekzosti, rejeta, waya na uzito wa mbele, kila kimoja kikidai kurekebishwa, na breki zinabaki zilezile za gari dogo. Gari likija kuuzwa, anayelitaka hasa hatalitaka tena. Pia namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, hivyo badiliko lazima lifikishwe TRA, Mamlaka ya Mapato.

Kama injini ilishapotea kabla hujaliona gari, hapo ni suala jingine, na bei yake iwe ya gari lisilo na injini.

## Turubai na ndani

16. Turubai limechanika. Fundi wa siti ataliweza?

Kitambaa anakiweza fundi mzuri wa siti, hasa akipewa la zamani alifumue apate vipimo. Asichoweza kukitengeneza ni vyuma vyake vya kukunjia. Kwa hiyo usitazame mpasuko. Lifunge turubai, lifungue, mara kadhaa, uone kama maungio yote yapo, hayajapinda, na ndoano za mbele zinashika kwenye fremu ya kioo. Gari lisilo na vyuma vya turubai lishushwe bei sana, kwa sababu kuvipata ni kuagiza, na mpaka vifike masika yatakuwa yameshapita ndani ya gari.

Siti na zulia visikuumize kichwa. Dashibodi iliyopasuka na jua ndiyo ngumu kidogo.

## Karatasi, ushuru na hela

17. Kadi ina jina la marehemu. Mtoto wake ndiye anauza. Nifanyeje?

Hili linatokea kila mara, maana magari haya mengi ni ya wazee. Mtoto mmoja hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu kwa kuwa tu ndiye anayeishi kwenye nyumba. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Omba kuona barua ya uteuzi wake, na mkataba wa mauziano usainiwe naye mbele ya wakili. Kama familia haijafungua mirathi, wape muda waifungue. Usitoe hata kianzio. Ukianza kutengeneza gari ambalo baadaye shangazi au mdogo wa marehemu analidai, utakuwa umeifufua mali ya watu.

Gari likiwa na kibati cha namba za mtindo wa zamani, na halikuwahi kuingia kwenye mfumo wa sasa wa T, tarakimu tatu na herufi tatu, nenda TRA na nakala ya kadi kabla ya kukubaliana bei.

18. Namba ya chesisi naitafuta wapi?

Kwenye chumba cha injini. MGB ina kibati chenye namba. Eunos imegongwa kwenye ukuta unaotenga injini na abiria, ikianza na NA6CE kwa injini ya 1,600 au NA8C kwa ya 1,800. Lazima ifanane na kadi herufi kwa herufi. Kibati kilichofungwa kwa riveti mpya kwenye gari lenye kila kitu cha zamani ni sababu ya kuondoka kwa heshima.

19. Si bora niagize Japani au Uingereza?

Kwa Eunos, inawezekana ikawa bora, ukipiga hesabu yote. Tanzania haikatazi gari kwa umri kama Kenya inavyofanya kwa yaliyozidi miaka 8, ila umri unalipiwa. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya 1,001 na 2,000, ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na tozo nyingine ndogo. Kikokotoo cha TRA mtandaoni kitakupa makadirio. Kumbuka TRA wana thamani zao za magari yaliyotumika. Risiti yako ya bei poa haitakuwa na neno la mwisho.

Kuagiza mradi mbovu ni kulipia meli na ushuru kwa ajili ya kutu. Ukiagiza, agiza zima.

20. Spea zinapatikana?

Zinapatikana kuliko watu wanavyodhani. MGB ina spea mpya Uingereza karibu kila nati. Injini ya Eunos ni ya ukoo wa B wa Mazda uliotumika pia kwenye Familia, hivyo baadhi ya vitu vya sevisi vinapatikana Kariakoo na Gerezani, na Mazda wenyewe mwaka 2017 walitangaza mpango wa kulifufua gari hilo na kutengeneza upya baadhi ya spea zake. Kinachouma ni usafiri. Plagi na gasketi zinakuja kwenye begi la ndugu anayerudi nyumbani, lakini sakafu na ubavu wa gari haviingii begini. Ndiyo maana swali la 6 ni zito kuliko la 11.

21. Nitampataje fundi anayefaa?

Usimuulize kama anaweza, wote wanaweza. Mwombe akuonyeshe gari alilochomelea na kulipiga rangi ambalo limeshapita masika mawili tangu amalize. Chungulia chini yake. Kisha muulize atashikiliaje nafasi ya mlango kabla ya kukata (swali la 8). Akianza kukueleza kwa mikono, akikuchorea chini kwa chaki pale atakapoweka vyuma, mmeelewana. Akisema "usijali bosi", jali.

Lipa kwa hatua, kila hatua ikiwa imeonekana kwa macho na kupigwa picha kabla ya pati.

22. Jumla itafika ngapi?

Ipate kwa karatasi. Andika safu tano: bodi na rangi, injini na giaboksi, breki na miguu, umeme, turubai na ndani. Kila safu iombee bei kwa fundi wake, si kwa fundi mmoja anayekadiria zote. Ongeza vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitaja: mipira ya milango, klipu, nati, mipira ya breki, kioo. Juu ya jumla mimi huongeza theluthi, na sijaona mradi ulioikataa. Iwapo jumla inazidi bei ya gari kama hilo likiwa zima, bado unaweza kulinunua kwa mapenzi, lakini uwe unajua.

## Visa vya pekee

23. Gari lilipatwa na mafuriko.

Acha. Matope ya Msimbazi yakishaingia kwenye boksi za chini ya milango hayatoki yote, na yanashika unyevu mwaka mzima. Angalia mstari wa tope kwenye reli za siti, ndani ya taa na nyuma ya boksi la fyuzi.

24. Halikuzaliwa la turubai. Mtu alikata paa.

Gari hilo halina chuma cha ziada ambacho kiwanda huweka kwenye matoleo ya turubai. Litapinda, milango itafunguka kwenye tuta. Halina bei yoyote inayofaa.

25. Limefumuliwa lote, liko kwenye maboksi.

Linaweza kuwa bahati, kwa kuwa bodi iko uchi na hakuna cha kuficha. Tandika mkeka, panga kila kitu, linganisha na michoro ya katalogi ya spea. Injini na giaboksi vikikosekana vinapatikana. Tafuta fremu ya kioo cha mbele, vyuma vya turubai, bawaba, geji na urembo wa kromu. Vikosekane vitatu kati ya hivyo, rudisha mkeka.

26. Nimelinunua. Linawaka. Niliendeshe hadi gereji?

Hapana, hata kama gereji iko mtaa wa pili. Mipira ya breki iliyokaa miaka huvimba ndani. Unakanyaga, breki zinashika na kugoma kuachia, au hakuna kinachoshika. Tairi zinaweza kuonekana nzima na zikapasuka: soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Petroli iliyolala tenki itaziba kabureta kabla hujafika barabara ya lami.

Kodi gari la kubebea magari lenye kitanda kinachoshuka hadi chini. Simama mwenyewe wakati wa kupakia. Mnyororo usifungwe kwenye boksi za chini ya milango wala kwenye bampa. Ufungwe kwenye mihimili ya magurudumu, mbele na nyuma, turubai likiwa limefungwa na vioo vimepandishwa.